Mnazi wa sebuleni: Utambue kwanza ndipo uutunze

KANDO ya barabara zinazoingia miji ya Embu na Meru, wauzaji wa miche hupenda kuweka safu ya mbele mmea wenye makuti mepesi yanayoinama kama ya mnazi mchanga. Wengi huuita areka. Mkazi wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, huununua, akaubeba hadi nyumbani na kuuweka pembeni mwa kochi. Miezi michache baadaye ncha za majani zimekuwa kahawia, makuti ya chini yamegeuka manjano na udongo unatoa harufu ya uvundo.

Si lazima awe amedanganywa na muuzaji. Mara nyingi amefuata ushauri ulioandikiwa mahali pengine, tena huenda ukawa unahusu mmea mwingine kabisa.

Maelezo mengi kuhusu mimea ya ndani huandikwa Ulaya na Marekani. Dallas ile ya jimbo la Texas iko karibu digrii 33 kaskazini mwa ikweta. Huko majira ya baridi huleta barafu, na jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Dallas ya Embu iko takriban nusu digrii kusini mwa ikweta, katika mji ulio kiasi cha mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha likahamia kusini. Kwa hiyo agizo la kuuweka mmea karibu na dirisha la kusini, ambalo ni sahihi kwa Texas, humfaa mkazi wa Embu kwa nusu ya mwaka tu.

Areka ni upi?

Areka ya madukani asili yake ni mashariki mwa Madagaska. Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliuita Chrysalidocarpus lutescens mwaka wa 1878. Mwaka wa 1995 ukahamishiwa jina la Dypsis lutescens, na mwaka wa 2022 watafiti wakaurejesha katika jina lake la awali. Anayekuta majina hayo mawili kwenye vibandiko asidhani ni mimea miwili.

Jina la areka kwa haki ni la mpopo, yaani Areca catechu, ambao popoo yake hutafunwa pamoja na tambuu katika mwambao wa Afrika Mashariki. Mmea wa Madagaska una ndugu wa karibu zaidi kisiwani Pemba. Huyo ni mpapindi, mti wa asili wa kisiwa hicho unaopatikana katika msitu wa Ngezi.

Kuutambua si kazi ngumu. Areka huchipua mashina mengi kutoka chini, nayo huwa na pingili kama za mwanzi. Vikonyo vya makuti ni vya manjano au rangi ya machungwa hafifu, hasa vikipata mwanga mwingi. Vidoa vidogo vyeusi vinavyoonekana kwenye vikonyo ni vya kawaida, si ugonjwa, na wengi wamepoteza fedha kwa kununua dawa ya kuvitibu.

Mmea unaofanana nao lakini ukiwa mdogo, wa kijani kitupu na wenye vishina vyembamba, huenda ni Chamaedorea elegans wa Meksiko na Guatemala. Huo huvumilia kivuli kuliko areka, na ndio unaofaa zaidi chumba chenye dirisha moja. Ukipapasa sehemu ya chini ya kikonyo ukachomwa na miiba, basi huo ni wa jamii ya mtende. Unaouzwa kwenye vyungu kwa kawaida ni Phoenix roebelenii wa kusini-mashariki mwa Asia, ndugu ya mkindu ambao majani yake husukiwa mikeka. Wenye majani yaliyogawanyika mithili ya vidole vya mkono ni Rhapis.

Hatari ya mtapo

Kosa baya kuliko yote ni kuuchukua mtapo ukidhani ni mnazi mdogo. Unaouzwa sana kama pambo ni Cycas revoluta wa Japani, ambao wenye vitalu huutia katika kundi moja na minazi. Mtapo si wa jamii ya mnazi hata kidogo. Hauchanui maua wala hauzai matunda ya kawaida. Ni wa ukoo mkongwe unaozaa koni, na kwa hilo uko karibu zaidi na msonobari. Kenya ina mitapo yake ya asili, ukiwamo Encephalartos hildebrandtii wa pwani.

Makuti yake ni magumu na yanachoma, kila kijani kina mshipa mmoja tu katikati, na machipukizi yake hutoka vijani vikiwa vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Shina ni nene, fupi na lenye magamba.

Sehemu zote za mmea huo zina sumu, na mbegu zake nyekundu zinazovutia macho ya mtoto ndizo kali zaidi. Sumu hiyo husababisha kutapika na kuharibu ini. Mbegu moja au mbili zaweza kumuua mbwa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haifai kuwa na mmea huu, wala ua wenye mbwa. Mtoto akitafuna kipande chake, apelekwe hospitalini bila kungoja dalili, na kipande cha mmea kichukuliwe ili daktari aone ni kitu gani. Areka, kwa upande wake, haijulikani kuwa na sumu kwa watu, mbwa wala paka.

Anayetamani mtapo kwa ajili ya bustani iliyofungwa akumbuke pia kwamba spishi zote za Encephalartos zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kwa maana kwamba biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini imepigwa marufuku.

Hewa safi na jiko la makaa

Wauzaji husema areka husafisha hewa ya nyumba. Madai ya namna hii yalipata nguvu baada ya utafiti uliofanywa kwa ufadhili wa NASA mwaka wa 1989, ambapo mimea iliwekwa ndani ya masanduku madogo yaliyozibwa. Chumba cha kuishi si sanduku lililozibwa. Uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliotolewa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na upitaji wa kawaida wa hewa.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika vyumba vya kupanga ambako jiko la makaa huwashwa ndani usiku wa baridi ya Julai. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hakuna mmea wa chunguni utakaoiondoa kabla haijamdhuru aliyelala. Jiko litolewe nje, dirisha lifunguliwe. Areka ibaki kuwa pambo.

Mwanga, maji na udongo

Areka hutaka mwanga mwingi usio wa jua kali la moja kwa moja. Hatua moja hadi mbili kutoka dirishani panatosha. Ukiweza kusoma gazeti adhuhuri pahali hapo bila kuwasha taa, mmea utaishi. Chungu kizungushwe kidogo kila wiki ili makuti yasielekee upande mmoja. Mmea uliokaa gizani kwa muda mrefu usitolewe ghafla juani, kwani majani yataungua.

Maji ndiyo huua wengi. Udongo mwekundu wa Embu, unaosifika kwa kahawa na mahindi, hushikana ndani ya chungu na kuinyima mizizi hewa. Mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo huo, moja ya mchanga wa mtoni na moja ya samadi iliyooza barabara hupitisha maji vizuri zaidi. Chungu kiwe na matundu chini. Kibakuli cha chini kisiachwe na maji yaliyotuama.

Badala ya ratiba ya siku, kidole ndicho kipimo. Kizamishwe hadi pingu ya pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kikitoka na udongo mbichi, subiri. Kati ya Juni na Agosti, halijoto ya usiku inapokaribia nyuzi 12 na mawingu kutanda mchana, kiu ya mmea hupungua sana. Anayeendelea kumwagilia kama alivyofanya Februari huozesha mizizi. Katika miezi hiyo chungu kiondolewe sakafuni penye saruji baridi na mbali na mlango.

Ncha za kahawia huletwa na ukavu wa hewa, chumvi ya mbolea iliyozidi, au floraidi katika maji. Maji ya mfereji yakilazwa usiku kucha klorini hupungua, lakini floraidi haitoki. Maji ya mvua ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, yakikingwa kutoka paa safi, ndiyo bora.

Kuti la chini linapogeuka manjano, watu hulikata upesi. Ni haraka isiyo na faida. Mmea ukipungukiwa na potasiamu huifyonza kutoka makuti makuukuu na kuipeleka kwa machanga. Likikatwa kabla halijakauka, njaa huhamia kuti linalofuata. Lingojwe likauke lote. Kinyume chake, machipukizi mapya yakitoka ya manjano, chanzo mara nyingi ni udongo uliolowa kupita kiasi au mmea kufukiwa kina kirefu mno.

Kilele kisikatwe kamwe kwa nia ya kupunguza urefu. Kila shina lina moyo mmoja, nao ukiondolewa shina hilo hufa. Areka itabakiwa na mashina mengine, ilhali mmea wa shina moja utakuwa umekwisha.

Utando mwembamba chini ya majani ni dalili ya utitiri, na vifundo vyeupe kama pamba ni vidung'ata. Sabuni kidogo ya kipande iliyoyeyushwa katika maji, kitambaa laini na subira ya wiki tatu kwa kawaida hutosha.

Chungu kikijaa mizizi, kwa kawaida baada ya miaka miwili au mitatu, areka inaweza kugawanywa wakati mvua za Machi zinapoanza. Kila fungu libaki na mashina kadhaa na mizizi yake. Mafungu hayo hunyong'onyea kwa majuma kadhaa, hivyo yawekwe kivulini na yasitiwe mbolea mpaka kuti jipya lianze kufunguka.