Kutoka Antena Hadi Bando: Nani Analipia Picha Sebuleni?

Mwaka 1948, katika mji mdogo wa wachimba makaa wa Mahanoy City, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme aitwaye John Walson alikuwa na televisheni dukani zisizonunulika. Mji wenyewe uko bondeni. Mawimbi ya vituo vya Philadelphia yalizuiwa na milima, na mteja aliyewashiwa televisheni aijaribu aliona chenga tupu. Inasimuliwa kwamba Walson alipandisha antena mlimani, akashusha waya hadi dukani kwake, na njiani akaziunganisha nyumba za wateja. Mwaka huohuo, upande wa pili wa nchi, Ed Parsons wa Astoria, Oregon, aliyekuwa na kituo cha redio, aliweka antena juu ya paa la hoteli ili mkewe aone picha kutoka Seattle, kisha akavuta waya hadi nyumbani kwake. Hadi leo watu wanabishana nani alimtangulia mwenzake. Wabishane. Ninalolishika mimi ni kwamba televisheni ya waya ilizaliwa kuisaidia antena. Haikuwa na kipindi hata kimoja cha kwake. Ilichukua picha iliyokuwa hewani bure na kuifikisha pale ambapo milima iliikatalia.

Ilichukua miaka 24 waya kupata bidhaa yake yenyewe. Novemba 1972 kituo cha HBO kilianza kurusha matangazo kwa wateja wa kebo wa mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania hiyohiyo. Mwaka 1975 kikalirusha kwa satelaiti pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila, na kuanzia hapo mtu wa kebo hakuhitaji tena mlima: alihitaji ungo wa kunasa satelaiti na waya wa kusambazia. CNN ilifuata mwaka 1980, MTV mwaka uliofuata, na chaneli zikazaana. Nazo hazikuuzwa mojamoja. Ziliuzwa kwa kifurushi, ili aliyetaka mpira alipie na mapishi, na aliyetaka habari alipie na katuni. Bili ikapanda mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo Netflix, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa kutuma DVD kwa posta, ilipoanza mwaka 2007 kupitisha filamu kwenye intaneti, ilikuta watu waliokwisha kuchoka. Julai 2022, kwa vipimo vya kampuni ya Nielsen, Wamarekani walitazama zaidi kupitia intaneti kuliko kebo kwa mara ya kwanza: asilimia 34.8 dhidi ya 34.4. Na wengi waliokata waya walirudi dukani kununua antena, kwa sababu tangu Juni 2009 vituo vikubwa vya nchi hiyo vinarusha picha ya dijitali, safi, hewani, bila malipo. Mzunguko ukarudi ulikoanzia.

Kwetu Afrika Mashariki mpangilio ulikuwa mwingine. Sisi tulianza na antena, tukaenda kwenye ungo, kisha king'amuzi, na waya ulipofika ulifika kutoka baharini ukiwa umebeba intaneti. Kebo ya Kimarekani haikututawala kamwe. Lakini swali la nani analipia picha limetufuata hatua kwa hatua, na mimi naona kila hatua mwenye kipato kidogo amesogezwa nyuma kidogo.

Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilipofungua kituo chake, TVZ, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa tayari na picha za rangi, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zaidi za bara hili hazikuwa nalo. Ng'ambo ya mkondo, Tanganyika ya jana ilibaki na redio. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya watu wa mjini katika nchi ambayo wakulima wake wengi hawakuwa hata na umeme, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ila mawimbi hayana pasipoti. Wachache wa Dar es Salaam waliokuwa na seti walisimamisha milingoti mirefu iliyoelekezwa baharini, wakaitazama TVZ.

Anayekumbuka enzi ya antena anakumbuka kwamba kutazama kulikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja yuko juu ya paa au ameshika mlingoti uani, mwingine yuko dirishani, wanaulizana: sasa? Bado. Sasa? Hapo hapo, usiguse! Umepitiliza, rudisha. Waya wa shaba ulipokatika ulifungwa kwa kipande cha nailoni, fimbo ya alumini ikivunjika uma ulichukua nafasi yake. Seti moja ililisha macho ya mtaa mzima. Watoto walijaa sebuleni mlangoni kukiwa na rundo la kandambili, na mwenye nyumba aliyewafukuza alisemwa hadi msikitini. Mlipaji alikuwa mmoja, aliyenunua seti. Kilichokuwa hewani kilikuwa cha wote.

Miaka ya 1990 ilifungua milango. KTN ilianza Nairobi mwaka 1990, na mwaka 1994 Tanzania Bara hatimaye ikapata televisheni, tena kwa mkono wa sekta binafsi: CTN, kisha ITV ya Reginald Mengi, na DTV. Mwaka 1995 huduma ya DStv ya kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini ikaanza, na mpira wa Ulaya ukahamia angani, nyuma ya kadi. Kuanzia hapo ungo juu ya paa ukawa kipimo cha hadhi, na watu wakajifunza namba: E48 ni mawimbi hayafiki, umwite fundi, E16 ni malipo yameisha, umwite mwenye nyumba.

Mwenye kipato kidogo hakukubali kuachwa nje. Alijenga kibanda umiza. Mabati, au turubai na mabanzi, viti vya ubao visivyo na mgongo, kitambaa cheusi mlangoni ili mwanga usiingie na asiyelipa asichungulie, televisheni iliyoinuliwa karibu na dari ndani ya kizimba cha chuma. Nje kuna ubao mweusi wenye ratiba kwa chaki: Arsenal na nani, saa ngapi, kiingilio kiasi gani. Mechi mbili kwa wakati mmoja, skrini mbili. Siku zisizo na mpira zilikuwa za filamu, na hapo ndipo wasimuliaji walipojenga jina: Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, wakiigeuza filamu ya Hong Kong au ya Mumbai kuwa hadithi ya Kiswahili chenye utani wa mtaani. Vitabu vya historia ya sanaa yetu vingewapa watu hawa sura nzima. Kibanda kiliichukua huduma iliyouzwa kwa kaya moja tajiri na kuigawa kwa kaya mia moja maskini, kwa shilingi za mfukoni. Kisheria kilikuwa na utata. Kijamii kilikuwa jibu.

Jibu lingine, ambalo wasomi hawalitaji sana, lilitoka kwa mafundi wa miji ya mikoani. Katika miji kadhaa ya Tanzania watu walifunga madishi makubwa, wakanasa chaneli za satelaiti, kisha wakavuta waya wa koaksia kutoka nguzo hadi nguzo na nyumba hadi nyumba, kwa ada ndogo ya mwezi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaja kuwapa leseni. Baadhi yao waliongeza chaneli ya mji wenyewe: harusi, mahubiri, matangazo ya misiba, kikao cha baraza la madiwani. Huyo ndiye John Walson wetu, na sijui kwa nini tunamwona kama mganga njaa badala ya mwanzilishi.

Udhaifu wa kulipia picha ulionekana wazi mwanzoni mwa mwaka 2009. GTV, kampuni yenye makao London, ilikuwa imeingia sokoni mwaka 2007 kwa bei ya chini na haki za Ligi Kuu ya Uingereza kwa nchi nyingi za Afrika. Watu waliacha walichokuwa nacho, wakanunua ungo mpya na kisanduku kipya. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni ikafilisika na skrini zikazimika nchi nyingi kwa mpigo, ligi ikiwa katikati. Waliokwisha kulipia miezi ya mbele walibaki na sahani ya chuma juu ya paa.

Kisha likaja jambo lililogusa hata asiyewahi kulipia chochote. Nchi nyingi duniani zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuachana na analojia kufikia Juni 2015, kwa sababu nzuri: masafa yanayobeba chaneli moja ya analojia yanabeba chaneli nyingi za dijitali, na yanayobaki yanaweza kupewa mitandao ya simu. Tanzania ilitangulia jirani zake. Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na mikoa mingine ikafuata. Kenya ilifika huko kwa mvutano: Februari 2015 vituo vikubwa vya Nation, Standard na Royal Media vilizimwa wakati vikigombea haki ya kujirushia vyenyewe, na kwa karibu wiki 3 Wakenya walikosa NTV, KTN na Citizen kwa pamoja.

Picha ilikuwa safi kuliko zamani, hilo halina ubishi. Lakini seti ya zamani haikufaa bila king'amuzi, na ving'amuzi vingi vilivyouzwa vilikuwa vya kampuni za kulipia, StarTimes ya China ikiwa mbele na Azam TV ya Bakhresa ikijiunga Desemba 2013. Kwa haki yao, walileta Kiswahili. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ilirushwa na shirika la utangazaji la taifa, TBC, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Azam ikaiingiza Ligi Kuu ya Tanzania katika kila kijiji chenye ungo na umeme. Lakini mstari kati ya bure na kulipia ulififia. Malipo yakiisha, watu wengi walidhani na taarifa ya habari ya taifa nayo lazima ikatike. Mwaka 2018 TCRA iliziondoa chaneli za ndani zisizolipiwa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Sheria ilikuwa upande wake. Mtazamaji ndiye aliyelazimika kuwa na visanduku viwili juu ya televisheni moja.

Wakati ugomvi wa ving'amuzi ukiendelea, mambo makubwa zaidi yalikuwa yakipita chini ya bahari. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, na Julai mwaka huo SEACOM ukawashwa Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea satelaiti, ghali na ya kusuasua. Januari 2016 Netflix ilifungua huduma yake kwa nchi 130 kwa siku moja, zetu zikiwemo. Faiba ikaingia kwenye maghorofa ya Nairobi na Dar. Starlink ikaanza Rwanda na Kenya mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikalazimika kusitisha wateja wapya wa Nairobi kwa muda kwa kuzidiwa.

Kwa mwenye faiba nyumbani, enzi hii ni neema. Analipa mara moja kwa mwezi, watoto wana katuni, yeye ana mpira. Kwa wengi wetu intaneti ni bando la simu. Saa moja ya picha ya kiwango cha juu humeza takriban GB 3, kwa hiyo mechi ya dakika 90 inapita GB 4 kabla ya mahojiano. Mtu anashusha ubora hadi mpira unakuwa doa jeupe, na hata hivyo jirani mwenye ungo anashangilia bao ambalo yeye bado hajaliona. Netflix yenyewe ililitambua hili: mwaka 2021 iliwapa Wakenya wenye simu za Android huduma bila malipo, kisha ikaifuta mwaka 2023. Mabosi nao wanabadilika. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, na uamuzi wa nani aone nini kwetu sasa unapitia Paris pia.

Ndiyo maana naitetea antena, na si kwa kuipenda enzi ya uma na waya wa shaba. Antena ya dijitali haiulizi salio. Haihesabu GB, haifungi mwisho wa mwezi, haimjui mtazamaji wake wala haiuzi tabia zake. Mnara mmoja unahudumia nyumba moja au laki moja kwa gharama ileile, jambo ambalo mtandao wa simu hauliwezi. Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, viwanja vinajengwa kwa kodi, na kodi hiyo inalipwa na muuza mkaa wa Kahama sawa na mwenye faiba wa Kilimani. Uingereza ina sheria inayolinda matukio kama fainali ya Kombe la Dunia yasifungiwe nyuma ya malipo. India, kwa sheria ya mwaka 2007, inamlazimu mwenye haki za mashindano yenye umuhimu wa kitaifa kugawana mawimbi na shirika la umma. Mabunge ya Dodoma, Nairobi na Kampala yanaweza kuandika kifungu cha namna hiyo kabla mpira haujapigwa: mechi za timu zetu za taifa, Taifa Stars, Harambee Stars na Cranes, zirushwe na mashirika ya umma, TBC, KBC na UBC, hewani, kwa antena, bila kadi.