Mnyauko wa Migomba: Kuvu Iliyochukua Zaidi ya Miaka 40 Kuthibitishwa

Wageni wengi huijua Dunga, hapa Kisumu, kwa samaki na mafunjo ya Ziwa Victoria. Lakini meza za Kisumu hutegemea mgomba pia, na ndizi za Kisii na Nyamira hazikosekani katika soko la Kibuye. Kati ya ndizi mbivu zinazopendwa ni ile tunayoiita Kampala, ambayo dunia huijua kama Gros Michel. Ndiyo iliyoangamizwa na kuvu katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati.

Ugonjwa huo wa mnyauko ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1876 na daktari Joseph Bancroft, karibu na Brisbane, Australia. Majani yalikuwa yakigeuka manjano na kuning'inia shinani, lakini chanzo hakikujulikana. Mwaka 1910, Mmarekani Erwin Smith aliitenga kuvu kutoka kwenye mgomba wa Kuba na kuipa jina la Fusarium cubense. Mwaka 1919, Elmer Brandes alitoa ushahidi kamili: aliiambukiza migomba mizima kuvu hiyo, nayo ikanyauka vilevile.

Hata hivyo, kuijua kuvu hakukuleta dawa. Mbegu zake hudumu udongoni kwa miongo, na huingilia mizizini. Kufikia miaka ya 1960, wauzaji wakubwa walikuwa wameiacha Gros Michel na kuhamia Cavendish. Sasa aina nyingine ya kuvu hiyo, iitwayo TR4, huiua hata Cavendish. Ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, na kuitambua kwa hakika huhitaji vipimo vya maabara vya DNA.

Kwetu magharibi mwa Kenya kuna mtego mwingine. Mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001, ulivuka mpaka miaka michache baadaye, nao unafanana sana na ule wa kuvu. Kata shina: ukiona mistari ya kahawia nyekundu, shuku kuvu, ukiona utomvu wa manjano ukichuruzika, na ndizi zikiiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, shuku bakteria. Tofauti hiyo ina uzito. Kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda huzuia bakteria inayoenezwa na wadudu, lakini hakuisaidii migomba iliyoshikwa na kuvu. Kuizuia kuvu huhitaji miche safi ya maabara, aina inayostahimili na shamba lisilo na maambukizi.

Mkulima, usibebe chipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Safisha panga na viatu, kisha mwite afisa wa kilimo kabla hujang'oa.