GEDI: PICHA MIA MBILI BILA MIHRABU

Kabla hujafungua ukurasa wa mapishi ya futari, nipe dakika kumi tu. Nataka nikuambie habari ya aibu iliyonipata, halafu tuone pamoja kama haikuhusu na wewe.

Likizo moja tulitoka sisi vijana wa mtaani, tukapanda basi la usiku mpaka Mombasa, na asubuhi tukaendelea hadi magofu ya Gedi, karibu na Watamu, kama kilomita 15 hivi kabla ya kufika Malindi. Tulizunguka pale nusu siku. Nilirudi Majengo na picha zaidi ya mia mbili kwenye simu. Jioni nikakaa na nyanya yangu kumwonyesha. Yeye macho yamepungua lakini akili iko timamu kuliko yangu na yako. Aliangalia picha kumi, kumi na tano, kisha akaniuliza: "Huo msikiti, mihrabu yake iko wapi?"

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta simu nzima. Mihrabu ilikuwepo katika picha moja tu, na mbele yake amesimama beshte yangu ameinua vidole viwili, ameiziba yote. Nyanya akauliza tena: kisima je? Mahali pa kutawadhia je? Lile kaburi lenye tarehe je? Hakuna. Nilikuwa na picha mia mbili za sisi, na za Gedi karibu sifuri.

MJI WENYEWE

Sasa ngoja nikueleze tulichokuwa tumekipa mgongo. Gedi ulikuwa mji wa Waswahili Waislamu, uliostawi zaidi katika karne ya 15, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 watu walikuwa wameshauhama. Uko ndani ya msitu, kilomita kadhaa kutoka baharini. Una msikiti mkubwa wa Ijumaa na misikiti mingine midogo, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye vyoo na mahali pa kuogea, visima virefu, na kuta zilizouzunguka mji. Kuna kaburi moja ambalo tarehe yake imechorwa kwenye chokaa: mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Fikiria hapo kidogo. Miaka karibu mia moja kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498, mtu wa Gedi alikuwa anazikwa na wenzake wanaandika tarehe kwa Hijria.

Mwaka 1948 serikali ya wakati ule iliutangaza mji huu kuwa hifadhi, na mtaalamu Mwingereza James Kirkman akaanza kuchimba. Alichimba kwa miaka kama kumi. Nyumba alizozifukua alizipa majina kwa vitu alivyovikuta ndani: nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya sarafu ya Kichina, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya ushanga wa Venice. Kaure kutoka China, ushanga kutoka Italia, vyote viko ndani ya msitu wa Pwani yetu! Hawa hawakuwa watu waliojificha na dunia.

Kwa nini waliondoka? Wataalamu wametaja sababu kadhaa: maji kupungua visimani, mashambulizi kutoka bara, na Wareno walioivuruga biashara ya Pwani nzima. Tazama kile kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa jinsi kilivyo kirefu, utaelewa kwamba swala la maji halikuwa mchezo.

Kirkman alipotoa kitabu chake mwaka 1954 alikiita kwa Kiingereza mji wa Kiarabu wa Gedi. Ndivyo wasomi wa enzi ile walivyofikiri, ati Mwafrika hawezi kujenga kwa mawe. Baadaye wataalamu wetu wenyewe, kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, wameandika na kuonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka kwa watu wa hapa hapa, waliochanganyika na wageni kwa biashara, kwa ndoa na kwa dini. Mwezi Julai 2024 UNESCO wakauweka Gedi katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Lamu (2001) na Fort Jesus (2011).

WARUMI WANA PICHA, SISI JE?

Wewe uliyesoma historia shuleni, nikikwambia "magofu" unaona nini kichwani? Bila shaka unaona nguzo za Kirumi. Zimejaa kwenye vitabu, kwenye kalenda, kwenye filamu. Na wala sisemi ni vibaya. Warumi wenyewe walitujua: katika karne ya kwanza Miladia, mfanyabiashara mmoja kutoka Misri ya wakati wa Warumi aliandika kwa Kigiriki habari za soko liitwalo Rhapta katika Pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Lakini nguzo za Roma unazijua bila kufika, na mihrabu ya Gedi huijui hata kama umefika. Tofauti ni nini? Wale wamepigwa picha vizuri, na watu wengi, kwa muda mrefu.

Na picha si pambo tu. Chukua mji wa Palmyra kule Syria. Mwaka 1864 mwanamaji Mfaransa, Louis Vignes, alipiga picha mahekalu ya pale, kwa zile kamera nzito za enzi hizo. Mwaka 2015 wapiganaji wa ISIS wakaulipua hekalu la Bel na la Baalshamin. Mzee Khaled al-Asaad, aliyeutunza mji ule kwa miaka mingi, wakamuua akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Leo atakaye kujua lile hekalu lilikuwa vipi inabidi arudi kwenye picha, za Vignes na za wengine waliomfuata.

Au usiende mbali, njoo Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa limesimama mbele ya bahari na watalii wanalipiga picha kila siku. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaanguka. Watakaolijenga upya wana picha za kurudia, dirisha kwa dirisha. Sasa niambie, ukuta mmoja wa msikiti mdogo wa Gedi ukianguka kesho kwa mvua au kwa mzizi wa mti, nani atatoa picha yake? Mimi nilikuwa pale na sina.

Wengine mtaniuliza kuhusu hukumu ya picha. Wanazuoni wamehitilafiana katika picha za wenye roho, na hilo waachie masheikh. Lakini ukuta hauna roho. Ibn Abbas (RA) alipoulizwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Na Qur'ani si mara moja inatuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie ulikuwa vipi mwisho wa waliotutangulia. Kuangalia ndiyo amri. Mimi nilitembea, lakini sikuangalia.

PANGANI YA NYANYA

Nyanya aliponirudishia simu hakunigombeza. Alisema tu: "Afadhali hao wa Gedi kuta zao zipo. Sisi Pangani yetu hata kuta hazipo."

Hapo ndipo moyo uliniuma. Ndugu msomaji wa Pumwani, wa Shauri Moyo, wa Kaloleni, unajua umetoka wapi? Nairobi ya kwanza ilikuwa na vijiji vya Waafrika, na Waislamu walikuwa wengi ndani yake: kijiji cha Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Serikali ya kikoloni ilipofungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji vile vikaanza kuondolewa kimoja kimoja. Pangani ndiyo iliyong'ang'ania mpaka mwisho wa miaka ya 1930, ikabomolewa, watu wakaambiwa wahamie nyumba mpya. Wengi hawakutaka kwa sababu kule walikuwa na nyumba zao na huku watakuwa wapangaji. Mtaa ule mpya ndio wazee wakauita Shauri Moyo, yaani ukienda, ukikaa, shauri la moyo wako. Kila siku makanga wanaliita jina lile kwa sauti na sisi tunateremka, hatujui kwamba tunateremka kwenye huzuni ya mtu.

Mama yake nyanya alitoka Pangani ile. Hana picha hata moja ya nyumba yao. Na mimi je? Nyumba ya nyanya ya Majengo, ile ya Kiswahili ya udongo na mabati, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, baraza mbele, ilibomolewa nikiwa darasa la sita ili pajengwe ghorofa. Nilizaliwa mle ndani. Tumebaki na picha moja ya harusi ya mjomba, na nyuma ya bibi harusi unaona nusu ya mlango. Nusu ya mlango! Hiyo ndiyo Gedi yetu sisi.

TUFANYE NINI?

Sikuandika haya ili ulie kabla ya magharibi. Karibu kila mmoja wetu ana simu yenye kamera. Kwa hivyo shika haya machache, mengine nimeyajifunza kwa kukosea.

Kwanza, piga jengo kabla ya kupiga rafiki. Piga pande zote nne ukiwa mbali, kisha sogea: mlango, mihrabu, kisima, paa. Baadaye pigeni zenu za vidole viwili mpaka mchoke.

Pili, maandishi na nakshi hazionekani jua likiwa la utosi. Ngoja asubuhi au alasiri, mwanga uje kwa ubavu, kila herufi itatoa kivuli chake. Usimwagie maji wala kupaka chaki ili yasomeke, unayaharibu. Wala usipande ukutani. Magofu yanalindwa na sheria ya nchi ya mwaka 2006, na kabla ya sheria, ni misikiti na makaburi ya Waislamu.

Tatu, weka rula au kalamu kando ya kitu unachopiga ili ukubwa wake ujulikane, na uandike siku ile ile: wapi, lini, upande gani. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka thelathini ni ukuta tu.

Nne, na hili ndilo kubwa, usingoje basi la Watamu. Anza na mtaa wako. Zile nyumba za udongo chache zilizobaki Majengo, nyumba za mawe za Kaloleni, msikiti wako kabla haujapanuliwa. Omba ruhusa kwa wenyewe, kisha kaa na mzee mmoja umwonyeshe picha, umwache aseme. Utashangaa picha moja inavyofungua mdomo wa mzee.

Mimi nimeshaanza. Jumamosi iliyopita baada ya alasiri nilimshika nyanya mkono tukatembea taratibu mpaka mahali nyumba yetu ilipokuwa. Sasa ni ghorofa, chini kuna duka la simu. Akanionyesha baraza ilipoanzia, chumba chake kilipokuwa, na pale walipokuwa wakipikia futari ya jirani wote. Nilipiga picha za ardhi tupu na ukuta wa mtu, na yeye akieleza nikaandika. Kijana wa duka alidhani tumechanganyikiwa.

Gedi nitarudi, inshaallah, na safari hii beshte yangu atasimama pembeni. Lakini nyanya ana umri wake, na huo haungoji likizo. Wako je? Mwulize leo, baada ya tarawehe, kabla hajalala.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan karim.