Chupa Juu ya Nyuzi: Historia ya Gita la Kuteleza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Nachingwea na Ruangwa

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: gita, uzi, chupa. Haya, tusome pamoja: gita, uzi, chupa. Vizuri.

Nitaanza kwa kuwaeleza kosa langu mwenyewe. Jioni moja huko Ruangwa nilikaribishwa na vijana waliokuwa na gita moja. Walilinunua kwa kuchanga fedha za korosho, nao walilitunza kama mtoto. Mimi nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba mtu akitaka kupiga gita kwa kutelezesha chupa juu ya nyuzi, ni lazima kwanza alegeze nyuzi hizo. Basi nikazilegeza, nikateleza na chupa ya dawa, watu wakafurahi. Lakini nilipozikaza tena, uzi mwembamba ukakatika, pa! Hapakuwa na uzi wa akiba, na kesho yake vijana wale walikuwa wapige gita harusini. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja alitikisa kichwa tu, akasema, "Mwalimu, ungetuuliza kwanza. Sisi chupa tunaipiga bila ya kulegeza kitu."

Maneno hayo yalinifanya nijiulize: Je, desturi ya kulegeza nyuzi ilitoka wapi? Na kwa nini mzee yule aliweza kuiacha? Hayo ndiyo tutakayojifunza leo.

1. Kisiwani Hawaii

Visiwa vya Hawaii vimo katikati ya bahari kubwa ya Pasifiki, mbali sana na sisi. Wenyeji wake hawakuwa na gita zamani. Waliletewa na wachunga ng'ombe kutoka Mexico katika miaka ya 1830. Gita hilo lilikuwa na nyuzi sita, na kila uzi ulikazwa kwa sauti yake. Wahawaii walilipenda, lakini walilipanga kwa namna yao. Walilegeza nyuzi kadhaa hata zote sita zikapatana. Ukizigonga zote kwa pamoja bila ya kubonyeza mahali, unasikia sauti nzuri kama ya watu wanaoimba pamoja.

Mwaka 1874 alizaliwa huko kijana aitwaye Joseph Kekuku. Alipokuwa mwanafunzi aligundua kwamba kipande cha chuma kikitelezeshwa juu ya nyuzi, sauti hupanda na kushuka bila ya kukatika, kama sauti ya mtu anayeimba au anayelia. Alifanya mazoezi miaka mingi, akajitengenezea chuma chake. Mwaka 1904 aliondoka kwao kwenda kupiga gita lake Marekani. Mwaka 1915 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa San Francisco, na watu wengi mno walisikia muziki wa Hawaii hapo. Tangu wakati huo gita la kuteleza lilienea kwa sahani za santuri. Kekuku alifariki mwaka 1932.

Sasa mmefahamu. Desturi ya kulegeza nyuzi ilikuwa ya Wahawaii, nayo iliwafaa. Chuma kimoja kilichonyooka hugusa nyuzi zote mahali pamoja. Kama nyuzi zote zimekwisha patana, popote kitakapokwenda chuma hicho zitapatana vilevile.

2. Safari ya kuja kwetu

Gita liliingia Afrika Mashariki kwa njia zile zile zilizopitiwa na bidhaa na watu: bandari, reli, kambi za kazi na jeshi.

Njia ya jeshi ilikuwa kubwa. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, yaani Malawi ya leo, walipigana bega kwa bega huko Burma mwaka 1944. Walikuwako pia wanamuziki wa kuwaburudisha askari. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde kutoka pwani ya Kenya, ambaye baada ya vita alijulikana sana kwa gita lake na nyimbo zake za Kiswahili.

Njia ya santuri ilifika hata pasipokuwa na gita. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akirekodi nyimbo za Afrika, alisikia wasichana wa Kikipsigis huko Kenya wakimwimba mtu waliyemwita "Chemirocha". Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye katika baadhi ya sahani zake husikika gita la Hawaii. Mwimbaji huyo alikuwa amekufa tangu 1933, lakini sauti yake ilikuwa bado inatembea.

Na hapa kwetu? Mnakumbuka mpango wa karanga. Ulianza mwaka 1947 huko Kongwa, ukaenea Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Karanga hazikustawi. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Hata hivyo, watu wengi walikuja kwa kazi ya mshahara kutoka pande nyingi. Panapokutana watu wa makabila mengi jioni baada ya kazi, nyimbo nazo hukutana.

3. Hauyani ya Malawi

Tuwatazame sasa majirani zetu wa Malawi. Sisi na wao tuna undugu wa zamani, kwa maana Wayao wako huko, wako Msumbiji, na wako Tunduru na Masasi. Watu wa Malawi walilichukua neno "Hawaii" wakaligeuza likawa "hauyani". Hilo ndilo jina lao la gita la kuteleza.

Bingwa wa hauyani aliyejulikana sana ni Daniel Kachamba, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki mwaka 1987. Yeye alilaza gita mapajani, akazipatanisha nyuzi kwa namna ya pekee, akateleza juu yake kwa kichupa. Katika miaka ya 1970 alisafiri mpaka Ulaya kuonyesha muziki wake.

Angalieni: kichupa kimeshika mahali pa chuma cha Kekuku. Watu hawakungoja chuma kiletwe kwa meli. Walitumia walichokuwa nacho.

4. Bila ya kulegeza

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Ruangwa. Yeye aliacha gita katika mpango wa kawaida, ule ule uliotumiwa na wapigaji wengi wa nyimbo za dansi. Aliwezaje? Alinionyesha, nami nilijifunza kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tuzihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba kabisa. Huo ni wa 1, na ule mnene kabisa ni wa 6. Katika mpango wa kawaida nyuzi zote sita hazipatani. Lakini uzi wa 2, wa 3 na wa 4 zimepatana tayari! Ukiweka chupa juu ya hizo tatu tu, utapata sauti ya furaha popote uendapo. Na ukihamia uzi wa 1, wa 2 na wa 3, utapata sauti ya huzuni. Kwa hiyo gita lile lile lina wimbo wa harusi na wimbo wa msiba, wala hukugusa misumari ya kukazia.

Mzee alivaa shingo ya chupa katika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Vidole vingine vilibaki huru kubonyeza nyuzi kama kawaida. Chupa hugusa uzi kidogo tu, haiukandamizi, na hukaa juu kabisa ya kijichuma cha shingoni, si nyuma yake. Nyuzi zisizotakiwa hunyamazishwa kwa kiganja cha mkono wa kulia. Na kidole kimoja hulala nyuma ya chupa ili kuondoa kelele. Aliyezoea kupiga zeze atayaelewa haya upesi, maana shingo ya zeze haina vijichuma vya kupanga sauti. Ni sikio linaloongoza mkono.

Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini hamlegezi nyuzi?" Akanijibu, "Gita ni moja, wapigaji ni wanne. Mimi nikilegeza, mwenzangu atakaza. Kila siku kulegeza na kukaza, uzi utaishi?"

Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Kila njia ina faida yake na gharama yake. Anayelegeza hupata nyuzi sita zinazoimba pamoja, lakini gita lake hufaa kazi moja. Asiyelegeza hupata nyuzi tatu tatu tu, na ni lazima awe mwangalifu sana. Lakini gita lake humfaa yeye na wenzake. Kekuku alikuwa na haki kwake, na mzee alikuwa na haki kwake.

Uzi nilioukata niliulipa. Niliununua mjini nikaupeleka mwenyewe, lakini harusi ilikuwa imekwisha kupita, nayo ilichezwa kwa ngoma tu.

Ndugu zangu, habari za Kekuku tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Habari za Kachamba ziliandikwa na kurekodiwa. Maarifa ya yule mzee mimi sikuyakuta katika kitabu chochote. Nisingekata uzi, nisingeyasikia. Ninyi sasa mnajua kuandika. Msingoje mgeni akate uzi ndipo mzee aulizwe.

Maneno ya kujifunza

Kupatana: nyuzi kutoa sauti zinazokubaliana.
Mpango wa kawaida: namna ya kukaza nyuzi inayotumiwa na wapigaji wengi.
Kunyamazisha: kuzuia uzi usitoe sauti.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni nani walioleta gita Hawaii, na Wahawaii waliligeuza namna gani?
2. Kwa nini mzee wa Ruangwa hakulegeza nyuzi? Je, wewe ungefanyaje kama gita lingekuwa lako peke yako?
3. Neno "hauyani" limetoka wapi? Taja neno jingine la kigeni ambalo watu wa kwenu wameligeuza.

Kazi ya juma hili

Mwendee mzee mmoja wa kijijini anayejua kupiga gita, zeze au ngoma. Mwulize alifundishwa na nani, mahali gani, na mwaka gani. Andika majibu yake katika mistari mitano, kisha umsomee mwenyewe, arekebishe palipo na makosa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.