Mkono wa Nani Unapimwa?

Tufe la bolingi likitoka kiwandani kwa kawaida halina tundu hata moja. Ni duara tupu, linateleza kama sahani iliyooshwa, na kulibeba kwa mkono mmoja ni kazi bure. Matundu huja baadaye, kwa fundi, na fundi mzuri hagusi mashine kabla hajakushika mkono.

Yale matufe ya kuazima unayoyakuta ukienda kucheza na marafiki Nairobi ni kama viatu vya mtumba: yanaingia watu wengi, hayamkai yeyote sawasawa. La kupimiwa ni stori nyingine. Unanyoosha kiganja, fundi anapima unene wa gumba, kidole cha kati na cha pete, kila kimoja peke yake. Kisha anapima umbali kutoka gumba hadi vile viwili. Mtu anayeanza huingiza vidole hadi kiungo cha pili. Mzoefu huishia kiungo cha kwanza, ndiposa anaweza kulizungusha tufe vizuri. Halafu kuna mwinamo. Tundu la gumba likiinamia kiganjani, gumba linashika zaidi. Likiinamia upande wa pili, linatoka upesi. Ukikosea milimita chache kwa tufe la karibu kilo 7 na robo, mteja anarudi na gumba limevimba.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, matufe ya Marekani yalichongwa kwa lignum vitae, mti wa Karibiani ambao mbao zake ni nzito hadi zinazama majini. Mengi yalikuwa na matundu mawili tu, la gumba na la kidole cha kati. Mwaka wa 1905 likaja tufe la mpira mgumu, baadaye plastiki, na miaka ya 1990 aina mpya za utomvu wa viwandani. Kadiri tufe lilivyobadilika, ndivyo upimaji wa mkono ulivyozidi kuwa ufundi.

Lakini swali ni hili: mkono wa nani?

American Bowling Congress ilianzishwa New York mwaka wa 1895 ili kuweka sheria moja kwa wachezaji wote: uzito wa tufe, upana wake, urefu wa njia. Mwaka wa 1916 ikaongeza kipimo kingine. Uanachama ukawa wa wanaume weupe pekee. Yaani, ungeweza kuwa na tufe lililotobolewa kwa usahihi wa ajabu, lakini kama ngozi yako ni nyeusi, au wazazi wako wametoka Japani, huingii kwenye ligi zake wala mashindano yake.

Wamarekani Weusi hawakukaa kungoja. Mwaka wa 1939, mjini Detroit, waliunda chama chao, National Negro Bowling Association, kikapokea wanaume na wanawake. Vyama vya wafanyakazi, hasa kile cha viwanda vya magari, vikaongeza presha, pamoja na jumuiya ya Wamarekani wenye asili ya Japani. Mwaka wa 1950 kile kipengele kikafutwa.

Kufuta kipengele si kufungua mlango. Pale Orangeburg, South Carolina, ukumbi wa All-Star Bowling Lane uliendelea kuwafukuza watu weusi hadi 1968, miaka minne baada ya Sheria ya Haki za Kiraia. Wanafunzi wakaandamana. Usiku wa Februari 8, polisi waliwafyatulia risasi kwenye chuo cha South Carolina State. Wakaua watatu: Samuel Hammond, Henry Smith na Delano Middleton, ambaye alikuwa bado yuko sekondari. Wengine 28 walijeruhiwa. Askari tisa walishtakiwa, wote wakaachiliwa. Ukumbi ulikuja kufunguliwa kwa watu wote kwa amri ya mahakama.

Watu husema, ah, walikufa kwa sababu ya mchezo tu. Hapana. Walikuwa wanadai kitu ambacho fundi humpa mteja yeyote mpya bila kufikiria: kuketi mbele yake, kunyoosha mkono, na kupimwa kama mtu mwenye haki ya kuwa pale.