Kuku nyumbani: mkinge mtoto wako na bakteria wa kuku

Kufuga kuku ni msaada mkubwa kwa familia. Yai ni chakula bora kwa mtoto, na kuku mmoja akiuzwa anaweza kulipa dawa au daftari za shule. Lakini kuku hubeba bakteria wanaoweza kumsababishia mtoto kuhara kukali. Huna haja ya kuacha kufuga. Unachohitaji ni kujua bakteria hawa wanavyomfikia mtoto, na kuwafungia njia.

Ni bakteria gani?

Wanaowasumbua watu zaidi ni wawili: Salmonela na Kampilobakta. Wote huishi kwenye utumbo wa kuku na kutoka na kinyesi. Kuku anaweza kuwabeba huku anakula vizuri, anataga na hana dalili yoyote. Kwa hiyo usisubiri kuku augue ndipo uanze kujikinga.

Kuku nao wana magonjwa yao ya bakteria:

- Kuhara nyeupe: huua vifaranga wadogo. Kinyesi cheupe huganda kwenye sehemu ya haja. Mtetea anaweza kuwaambukiza kupitia yai.
- Homa ya matumbo ya kuku: kuku hunywea, upanga hupauka na kinyesi huwa cha manjano au kijani.
- Kipindupindu cha kuku: kuku waliokuwa wazima hufa ghafla.
- Mafua ya kuku: uso huvimba na pua hutoa kamasi zenye harufu mbaya.

Majina yasikuchanganye. Taifodi ya binadamu na kipindupindu cha binadamu husababishwa na bakteria wengine, na haviletwi na kuku.

Mtoto huambukizwaje?

Mtoto mdogo yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu anatambaa chini, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Njia kuu ni hizi:

- Kugusa au kumeza kinyesi cha kuku, au udongo uliochanganyika nacho.
- Kucheza na vifaranga, kisha kunyonya vidole.
- Kula nyama ya kuku isiyoiva au yai bichi.
- Kula chakula kilichokatwa kwa kisu au ubao uliotumika kwa kuku mbichi.
- Kulishwa na mtu aliyeshika kuku bila kunawa.

Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wenye utapiamlo, wenye selimundu na wanaoishi na VVU. Kwa watoto hawa Salmonela huweza kuingia kwenye damu na kuhatarisha maisha.

Uani na bandani

- Kuku walale kwenye banda lao, si chumbani wala jikoni. Kama unaogopa wezi au kicheche, jenga banda imara lenye mlango wa kufunga karibu na nyumba.
- Fagia kinyesi kila siku, kabla mtoto hajaanza kutambaa.
- Mtengee mtoto sehemu ya kuchezea ambayo kuku hawafiki. Mkeka safi ndani ya uzio mdogo unatosha.
- Funika maji ya kunywa na vyombo. Kuku wasipande juu ya kichanja cha vyombo.
- Viatu vya kuingilia bandani viache nje.
- Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila ukishika kuku, mayai au kinyesi. Mnawishe na mtoto, hasa kabla ya kula.

Jikoni

Ukichinja nyumbani, toa utumbo taratibu usipasuke. Kama ni lazima kuosha nyama, ioshe ndani ya beseni, mbali na vyombo na vyakula vingine, maji yasiruke. Kuku aliyenunuliwa akiwa amesafishwa hahitaji kuoshwa. Kuosha hakuui bakteria, bali huwatawanya. Moto ndio unaowaua.

Pika mpaka nyama iliyo karibu na mfupa isiwe na wekundu na maji yake yatoke bila damu. Kisu na ubao vioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kachumbari au matunda.

Yai la mtoto lichemshwe au likaangwe mpaka kiini kigande. Ukilikoroga kwenye uji, liweke uji ukiwa bado unachemka, kisha uendelee kupika kwa dakika kadhaa. Usimpe mtoto yai bichi, hata kama umeambiwa linaongeza nguvu au linatibu kikohozi.

Kuku akiugua au akifa

Mtenge na wenzake, na umwite afisa mifugo. Kuku aliyekufa mwenyewe, au anayekaribia kufa kwa ugonjwa, asiliwe. Ni vigumu kumtupa kuku uliyemlea, lakini kumtibu mtoto hugharimu zaidi. Mchome au mzike kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua. Kuku wengi wakifa kwa mkupuo, toa taarifa haraka na uwaweke watoto mbali.

Kuwa makini na antibiotiki

Wafugaji wengi huwawekea kuku antibiotiki kwenye maji kila wanapozubaa. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdondo, ambao husababishwa na virusi. Antibiotiki haiutibu. Kinga yake ni chanjo.

Bakteria wakizoea dawa huwa sugu, na mtoto akiambukizwa bakteria hao dawa ya hospitali inaweza kushindwa kumponya. Kwa hiyo:

- Tumia dawa kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na umalize dozi.
- Soma kwenye lebo idadi ya siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai ya kuku waliotibiwa, na uzifuate.
- Dawa ya kuku asipewe mtu, na dawa ya mtu asipewe kuku.

Mtoto akianza kuhara

Dalili huanza saa chache hadi siku kadhaa baada ya kuambukizwa: kuhara, homa, tumbo kuuma na wakati mwingine kutapika. Kinachoua haraka ni kupungukiwa maji. Anza kutoa huduma nyumbani mara moja:

- Changanya pakiti ya ORS na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpe kidogo kidogo kila anapohara. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole.
- Endelea kumnyonyesha. Kama ameshaanza kula, mpe chakula pia.
- Omba vidonge vya zinki kituo cha afya. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.
- Usimnunulie antibiotiki wala dawa ya kufunga kuhara bila kupimwa.

Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa ukiona:

- damu kwenye choo
- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu
- macho yameingia ndani, hana machozi, au hakojoi kama kawaida
- amelegea, ni vigumu kumwamsha, au anapata degedege
- homa kali au isiyoshuka
- ni mchanga wa chini ya miezi 3 na ana homa au anahara

Ukifika, mwambie mhudumu kwamba mnafuga kuku, na kama kuna walioumwa au kufa karibuni. Taarifa hiyo itamsaidia kuamua vipimo na dawa zinazomfaa mtoto wako.