Chuma cha Karagwe: Uhunzi wa Jadi na Mpangilio wa Elektroni

Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, imo katika eneo la ufalme wa kale uliotembelewa na John Hanning Speke mwaka 1861 na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Katika hazina ya watawala wake mlikuwamo ng'ombe na fuawe za chuma, alama za mamlaka.

Chuma ni elementi ya mpito yenye elektroni 26. Juu ya kiini cha argoni, mpangilio wake ni 3d⁶4s². Katika mtapo mwekundu, kila atomu yake imepoteza elektroni mbili za 4s na moja ya 3d, ikabaki na 3d⁵. Kazi ya tanuri ni kuzirejesha: makaa na mivukuto huzalisha kabonimonoksidi, nayo huondoa oksijeni ya mtapo.

Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza kuwa wahunzi wa Kihaya, majirani wa Karagwe, walipasha hewa moto ndani ya tanuri na kupata chuma chenye kaboni. Wahunzi hao hawakuzitaja elektroni, lakini walizitawala hali zinazozihamisha. Kwa hiyo, kuuita ujuzi huo kubahatisha ni kupotosha historia: kemia ya karne ya 20 ilifafanua sababu, haikuanzisha ustadi.